Mradi wa shule usile pesa za unga

Jumapili jioni kama hii, katika nyumba nyingi za mjini, ndipo mtoto hukumbuka kwamba mwalimu anataka mradi wa sanaa kesho asubuhi. Mama hutimua mbio dukani kununua karatasi za manila, gundi na utepe, naye baba hukesha akikata na kubandika huku mwenye mradi amelala fofofo. Pesa zimekwenda, na alichojifunza mtoto ni kwamba jambo likimshinda wapo watu wa kumfanyia.

Tangu Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kufundishwa kote nchini katika madarasa ya chini, wazazi wamelalamika mara nyingi kuhusu gharama za miradi. Wana haki. Lakini wazazi waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, wanakumbuka somo la Sanaa na Ufundi. Wengi wao walitumia kilichokuwa karibu: waya, vifuniko vya chupa, makaratasi na kamba. Juma hili tutengeneze kasha la kalamu kwa katoni kuukuu na masalio ya vitambaa. Litatosha rula ya sentimita 30, na mtoto wa miaka kumi anaweza kulifanya kwa mikono yake.

Ijue katoni

Omba katoni katika duka la mtaani, ile iliyobeba mafuta ya kupikia au sabuni. Chagua iliyo kavu na isiyo na harufu. Ukitazama ukingo wake utaona karatasi tatu: mbili bapa, na katikati moja yenye mawimbi. Karatasi hiyo ya mawimbi ilianza Uingereza mwaka wa 1856, ikitumiwa kutandika ndani ya kofia ndefu za wanaume.

Mawimbi hayo huacha mifereji, na hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Katoni hukunjika kwa urahisi ikifuata mifereji, na hukaidi ukiikunja kwa kuikata mifereji hiyo. Kwa hiyo, sakafu na kifuniko cha kasha vikatwe mifereji ikienda kwa urefu, visije vikapinda. Kuta zikatwe mifereji ikisimama wima, kama nguzo za nyumba, ndipo zitakapostahimili mzigo.

Kitambaa gani?

Mafundi wa cherehani huwa na masalio tele chini ya meza zao. Aliye Nairobi anaweza kujaribu Gikomba, na aliye Mombasa akapita karibu na Barabara ya Biashara, kwenye maduka ya leso. Omba kwa adabu. Wengi watakupa bure.

Pamba ndiyo hushika gundi vizuri. Ili kuitambua, dondoshea kitambaa tone la maji. Likinywewa mara moja, hicho kinafaa. Likibaki juu likiviringika, kiweke kando. Kitenge au leso mpya ifuliwe kwanza ili dawa ya kiwandani itoke, kisha ipigwe pasi.

Gundi ya jikoni

Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina polepole ndani ya kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka uwe kama uji mzito. Epua, uache upoe. Kazi ya jikoni ni ya mtu mzima, au mtoto akiwa chini ya macho yake. Gundi hii hukaa siku mbili hivi, kisha huchacha, basi pika ya kutosha tu.

Kazi yenyewe

Kata sakafu ya sentimita 32 kwa 12. Kata kuta mbili ndefu za sentimita 32 kwa 6, na uzisimamishe juu ya kingo ndefu za sakafu. Kuta mbili fupi hukaa katikati ya hizo ndefu, kwa hiyo pima nafasi iliyobaki kabla ya kuzikata. Urefu wa kwenda juu ni sentimita 6 vilevile. Kifuniko kiwe sentimita 33 kwa 13. Mtoto apime na kuchora kwa penseli. Kisu kikali kishikwe na mkubwa.

Unganisha pembe zote kwa vijitambaa vya upana wa sentimita 3 vilivyopakwa gundi, nje na ndani. Vikishakauka, funika kasha zima kwa vipande vya rangi mbalimbali, kingo zikipandana kidogo. Hapa mwachie mtoto achague mwenyewe, hata kama nyekundu yake na kijani yake hazikupendezi.

Bawaba ya kifuniko ni kitambaa kirefu cha upana wa sentimita 6. Nusu ibandikwe juu ya kifuniko, nusu nyuma ya kasha, na katikati uache mwanya wa milimita 3 hivi. Bila mwanya huo kifuniko hakitafunguka sawasawa.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi nyingi. Kitambaa chenye gundi kikikauka huivuta katoni. Ukibandika upande mmoja tu, kifuniko kitajikunja kama kigae. Bandika pande zote mbili, ulaze kifuniko mahali pakavu penye kivuli, na ukigandamize kwa vitabu vizito usiku kucha, ukitanguliza karatasi ya nailoni ili visigandane. Kasha likikamilika, liweke mbali na unyevu na makombo, maana mende hupenda unga kama sisi.

Ratiba ni muhimu pia: jioni ya kwanza kupima na kukata, ya pili kuunganisha, ya tatu kufunika na kutia bawaba, kisha usiku wa kukauka. Mwulize mtoto siku ya Ijumaa ameagizwa nini, wala usingoje Jumapili.

Likitoka na pembe iliyopinda, mzazi, usilinyooshe. Mwalimu akimwuliza mtoto kwa nini kuta zimesimama imara, atamweleza habari za mifereji kwa kinywa chake, na hilo ndilo umilisi wenyewe. Masalio yaliyobaki yatie mfukoni, ukakumbuke wahenga: akiba haiozi. Muhula ni mrefu, na mwalimu ataagiza tena.