Hita za chumbani: Wenye mitaji midogo wasinunue kwa macho

KILA mwaka ifikapo mwezi Mei, biashara ya feni katika maduka ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta huanza kupooza. Joto la Dar es Salaam linakuwa limepungua, masika yanaelekea ukingoni, na mwenye duka anabaki na maboksi ya feni ambayo hayatamrudishia fedha zake mpaka Novemba. Ni katika kipindi hicho hicho ambapo mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hutupa macho upande wa Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ndiyo kwanza inaanza kuuma, na kujiuliza kama fedha iliyobaki mkononi isigeuzwe hita za umeme za chumbani na kupakiwa kwenye basi la Njombe, Makete au Mbeya.

Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai huko hushuka chini ya nyuzi 10, na upande wa Makete, kuelekea Kitulo, sakitu huonekana juu ya majani asubuhi. Umeme nao umesambaa, na tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere ulipowashwa Februari 2024, gridi imepata nguvu ambayo haikuwa nayo. Wateja wapo na baridi ipo. Kasoro iko kwenye namna mtu wa Dar anavyochagua mzigo.

Mfanyabiashara wa Temeke amezoea feni. Katika feni, kosa la kuchagua kifaa chenye nguvu kupita kiasi halimuumizi mnunuzi. Feni ya mezani ya wati 50 ikizunguka saa nane za usiku hula uniti 0.4. Kwa mteja wa kundi la T1 la TANESCO, ambaye bei yake tangu Aprili 2016 ni Sh. 292 kwa uniti, na akiongezewa VAT ya asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 hufikia takriban Sh. 356, usiku mzima wa feni humgharimu kama Sh. 143. Hata feni ikiwa kubwa mara mbili, hakuna ndoa itakayovunjika kwa ajili ya LUKU.

Hita ni jambo jingine kabisa. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa hizo hizo nane hula uniti 16, ambazo kwa bei hiyo ni Sh. 5,700 kwa usiku mmoja. Ni mara arobaini ya feni. Mtu aliyelala maisha yake yote Mbagala kwa shuka moja hawezi kulihisi jambo hili akiwa amesimama Kariakoo mbele ya rafu. Anachokiona ni boksi kubwa lililoandikwa 2,000W, bei nzuri ya jumla, na muuzaji anayemhakikishia kwamba hiyo ndiyo yenye moto. Ananunua katoni kadhaa, anapandisha mzigo, na wateja wa kwanza wanazichangamkia. Wiki ya pili zinarudi. Hazijaharibika, zimemaliza uniti.

Hapo ndipo mnunuzi anaporudia jiko la mkaa, na suala hili linatoka kwenye faida na kuingia kwenye uhai wa watu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Karibu kila msimu wa baridi husikika habari ya familia iliyokutwa asubuhi imefariki, jiko likiwa katikati ya chumba. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Ni mkakati wa kupikia, kama jina lake linavyosema. Mtu wa Makete anayewasha mkaa ili aote moto usiku hatashawishika kwa jiko la gesi. Kitakachomtoa ni chombo cha kupasha joto ambacho mfuko wake unaweza kukilisha kuanzia Juni hadi Agosti.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei ya hita, bali ni wati ngapi na kwa saa ngapi. Wauzaji wengi hawapendi kulisema hili, lakini ndiyo sayansi yenyewe: uniti moja ya umeme hutoa joto lile lile, iwe imepita kwenye hita ya feni, ya keramiki, ya mirija mekundu au ile ndefu ya mafuta yenye mapezi. Maneno kama "inaokoa umeme" yaliyochapwa kwenye boksi hayana maana kwa hita hizi. Aina moja inatofautiana na nyingine kwa mahali joto linapokwenda, kwa usalama, na kwa muda ambao joto hubaki baada ya kuzimwa.

Hita ya feni ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayojaa madukani. Aghalabu ina hatua mbili, wati 1,000 na 2,000. Hupasha hewa haraka, lakini hewa hiyo hupanda juu, na katika nyumba isiyo na dari hutokea kwenye upenyo wa bati na ukuta kabla mwenye chumba hajavua viatu. Ukizima, baridi inarudi ndani ya dakika chache. Hita ya mirija, ile inayong'aa kwa wekundu, kwa kawaida ina wati 400 kwa mrija mmoja na 800 kwa miwili. Hii haishughuliki sana na hewa; humpasha mtu aliye mbele yake, kama jua. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Makambako anayetaka joto wakati wa kula, kuoga watoto na kuvaa nguo za kulalia, hii ndiyo inayofaa. Ubaya wake ni kwamba blanketi likiiangukia linashika moto, hivyo asiyeweza kukumbuka kuizima kabla ya kulala asiuziwe.

Hita ya mafuta huuzwa kwa bei mara kadhaa ya hiyo ya feni, na uzito wake unafanya nauli ya mzigo ipande. Hata hivyo haina waya mwekundu ulio wazi, ina kidhibiti joto kinachoizima na kuiwasha chenyewe, na umeme ukikatika huendelea kutoa joto kwa muda. Wenye nyumba za kulala wageni wanaielewa thamani yake. Mpangaji wa kawaida haelewi, wala hana sababu ya kuelewa, na mwenye mtaji mdogo atakayejaza duka kwa hita hizi atafika Septemba akiwa nazo.

Hesabu ya mnunuzi wa kijijini ni kali zaidi. Wengi wako kundi la D1, ambako uniti 75 za mwanzo kwa mwezi huuzwa Sh. 100 na zinazozidi huuzwa Sh. 350, kabla ya kodi na tozo. Chukua mfano wa nyumba mbili zinazowasha hita saa tatu kila usiku kwa siku 30. Ya kwanza ina hita ya wati 1,500. Itatumia uniti 135 kwa hita peke yake. 75 za mwanzo zitagharimu Sh. 9,150 pamoja na kodi, na 60 zilizobaki Sh. 25,620, jumla Sh. 34,770, taa na redio bado. Akiendelea kuvuka kiwango hicho mwezi hadi mwezi, anaweza kuhamishiwa T1 na kuipoteza bei nafuu hata wakati wa joto. Ya pili inawasha mrija mmoja wa wati 400. Itatumia uniti 36, na bili ya hita ni Sh. 4,392. Ni kweli nyumba ya pili haitakuwa na joto kama ya kwanza. Lakini mwenye nyumba hiyo hatalirudisha boksi dukani, na mwaka unaofuata atamwelekeza jirani.

Kuna bidhaa nyingine ambayo mfanyabiashara wa Dar huipita bila kuitazama kwa sababu hajawahi kuihitaji: blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka. La watu wawili hutumia wati zinazozunguka 100. Likiwashwa usiku kucha, saa nane, ni uniti 0.8, yaani Sh. 285 kwa bei ya T1. Na wengi huliwasha nusu saa tu kabla ya kupanda kitandani. Halipashi chumba, linapasha kitanda, na mlaji aliyechoka na baridi anachokitafuta hasa ni kitanda. Ni jepesi, halichukui nafasi kwenye basi. Tahadhari yake ni kwamba halifai kwa mtoto mdogo anayekojoa kitandani, wala lisikunjwe likiwa limewashwa. Ajabu ni kwamba mtu anayehangaika kupandisha hita za kilo kumi na kitu hadi Makete hajiulizi hata mara moja kuhusu blanketi.

Ubora nao hauna budi kutazamwa kabla fedha haijatoka. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mitumba ya Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na ya Japani kwa 100. Hita ya Marekani ikichomekwa hapa huvuta zaidi ya mara tatu ya nguvu iliyoandikwa, na kinachofuata ni moshi. Plagi yenye miguu miwili ya duara inayohitaji adapta ni kasoro kwa hita, ingawa kwa chaja ya simu haina neno. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na adapta au ekstensheni ya bei poa huyeyuka taratibu nyuma ya kitanda bila mtu kujua. Alama ya TBS itafutwe kwenye kifaa chenyewe, siyo kwenye boksi pekee.

Muuzaji wa jumla asiyekubali hita iwashwe dukani kwake aachwe. Nusu saa inatosha. Waya ukishikwa na kuonekana wa moto, kifaa hicho hakifai. Hita ikilazwa ubavu lazima ijizime. Isipojizima, hakuna punguzo la bei linaloifanya iwe bidhaa ya chumbani. Anayetaka kujua kama wati zilizoandikwa ni za kweli anaweza kuichukua moja nyumbani, kuzima vitu vingine vyote, na kusoma uniti kwenye LUKU kabla na baada ya saa moja. Hita ya wati 1,000 itapunguza uniti moja. Katika nyumba nyingi za kupanga za Kinondoni na Temeke, ambako wapangaji wanne hadi sita wanachangia mita moja, jaribio hili litahitaji maelezano mazuri na majirani, na pengine kuwanunulia uniti.

Lipo pia tatizo la umeme mdogo, ambalo muuzaji wa mbali hulaumiwa kwalo bila kosa. Mwishoni mwa laini ndefu, volti zikishuka hadi 180, hita ya wati 2,000 hutoa wati kama 1,200 tu. Mteja atasema ameuziwa feki. Afadhali muuzaji aulize mapema mteja anaishi wapi na taa zake zinawakaje jioni, kuliko kubishana naye Jumamosi mbele ya wateja wengine.

Na kama mteja ana fedha ya kitu kimoja tu, huku nyumba yake haina dari, ukweli ni kwamba dari itamfaa kuliko hita. Muuzaji wa hita hatapenda kuusema ukweli huo. Lakini mwenye duka anayeuza pia mbao na silingibodi, nao wapo wengi Makambako, angeweza kuviuza vyote viwili kwa mtu mmoja.

Kwa mwenye Sh. 1,000,000 anayeingia katika biashara hii mara ya kwanza, mgawo wenye busara ni zaidi ya nusu kwenye hita za mirija zinazojizima zikianguka, sehemu ya blanketi za umeme, na hita za mafuta mbili au tatu kwa nyumba ya wageni iliyokwishaagiza na kulipa kitangulizi. Hita za feni za wati 2,000 ziachwe kwa wengine. Mzigo uwe umefika Njombe kabla ya wiki ya kwanza ya Juni. Ununuzi wa pili ufanyike mwishoni mwa Juni kwa fedha ya mauzo ya kwanza, siyo kwa mkopo, na baada ya katikati ya Julai kisiagizwe chochote, kwa kuwa ifikapo mwisho wa Agosti wateja wanaanza kuulizia mbegu na mbolea, na boksi la hita litakalobaki litakaa stoo mpaka Mei nyingine.