Dawa ya Mti Sharti Ipimwe

Mwaka 1987 watafiti walichuma majani ya mti mmoja katika misitu ya Sarawak, Malaysia. Ndani yake ilipatikana kalanolaidi A, ambayo katika maabara ilizuia virusi vya UKIMWI, hata vilivyokwisha kuwa sugu kwa dawa ya AZT. Waliporudi kuutafuta mti ule walikuta umekatwa! Wakaiunda wenyewe maabara, wakaijaribu kwa watu. Hadi leo haijaidhinishwa kuwa dawa.

Mgonjwa aachaye vidonge vyake kwa ajili ya chupa ya mitishamba huvipa virusi nafasi ya kuzaana na kuwa sugu. Basi ndugu yetu auzaye chupa hiyo mlangoni mwa msikiti, kwa jina la tiba ya sunna, tunamuuliza: imepimwa wapi, na kwa wagonjwa wangapi?