Msaada wa Serikali Huishia kwenye Lami

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi na vichekesho, nakusihi uketi nami kidogo tuzungumze habari za viazi, au waru kama wengi wetu tunavyosema. Najua utacheka. Lakini wengi wetu katika shule hii tunasomeshwa na viazi, wengine na kabichi, na muhula uliopita si wachache tuliorudishwa nyumbani kuleta pesa za chakula cha mchana. (Mwalimu mkuu anisamehe, sisemi kwa ubaya.) Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amesimama kando ya magunia kumi na manane ya viazi, hana hata mia mbili mfukoni. Mali ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia.

Kutoka shambani kwetu hadi barabara ya lami ni kilomita tisa. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, udongo wetu huku Kinangop hugeuka uji na hakuna lori linalothubutu kuingia. Siku hizo mfalme ni punda. Mwenye mkokoteni hututoza shilingi 200 kwa gunia hadi penye lami, na tope likizidi husema 250. Huwezi kumlaumu, maana punda wake naye anaumia. Hapo kwenye lami ndipo dalali anaponunua. Siku ile alikuwa akitoa 1,100 kwa gunia. Toa za punda, toa za vibarua wa kuchimba, toa gunia lenyewe na kamba, halafu uniambie kinachobaki ni nini. Kanuni za mwaka wa 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini ukiwa kwenye tope, mwenye lori ndiye kanuni. Akitaka gunia livikwe kilemba, utalivika.

Na mama hawezi kusema atangoja bei ipande. Sisi hupanda Shangi, kwa kuwa hukomaa upesi na huiva upesi jikoni, lakini pia huchipua upesi. Ukiviacha wiki chache vimeota macho, na vikipigwa na jua vinakuwa vya kijani, havifai kuliwa. Dalali anajua hayo yote. Yeye husubiri mvua tu.

Sisemi kwamba serikali haijafanya kitu. Tuwe wakweli. Mwaka wa 2022 mbolea ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa gunia la kilo 50. Serikali ikaishusha hadi 3,500, na mwaka wa 2023 ikawa 2,500. Ni jambo kubwa, na mama aliipigia makofi redio siku aliposikia. Kumbe mbolea yenyewe ilikuwa inatolewa katika ghala lililo mbali sana nasi! Aliamka saa kumi alfajiri, akapanda pikipiki, akapanda matatu, akakuta foleni ndefu, akaambiwa arudi kesho. Alipohesabu nauli ya siku mbili, ada ya mzigo kwenye matatu na pikipiki ya kurudi, kila gunia lilikuwa limeongezeka shilingi 700. Jirani yetu mwenye pikapu na ekari ishirini alileta magunia yake yote kwa safari moja. Basi msaada ule ule ulimfaa zaidi yule asiyeuhitaji sana. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema shida ya mkulima ni bei ya mbolea.

Katika mdahalo wa chama chetu muhula wa pili, msemaji mmoja alitaka serikali iwalipie wakulima wa mbali nauli ya mazao yao. Alipigiwa makofi, nami nilipiga. Baadaye nikafikiri tena. Mwalimu wetu wa historia alikuwa ametueleza habari za Tanzania. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali ya huko ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mkulima wa Rukwa au Ruvuma akilipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Wakulima wa kule walifurahi, wakalima mahindi kwa wingi. Lakini gharama ya kuyasafirisha haikupotea, ilihamia tu kwa shirika la serikali lililonunua, nalo likalemewa na hasara. Katika miaka ya 1980 mpango ukaachwa. Mkulima akabaki na mahindi yake, na umbali wake ule ule.

Kwetu ingekuwa vibaya zaidi. Dalali akisikia mama amelipiwa punda, atapunguza 200 kwenye bei siku hiyo hiyo. Changarawe haiwezi kuibwa hivyo. Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa ni kwamba kilomita zile tisa zimwagwe changarawe na kuchimbiwa mitaro kabla ya mvua, si baada yake. Mbolea iletwe hadi kwa chama cha ushirika cha kijiji. Tena tujengewe ghala la baridi karibu na mashamba, ili mama naye ajifunze kumwambia dalali, "Leo siuzi."

Mtauliza pesa zitoke wapi. Si zipo? Kila lita ya petroli au dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwenye pikipiki huulipa, mwenye lori huulipa, kisha wote wawili humtoza mama. Nanyi mnakumbuka magavana na wabunge walivyovutania shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo na barabara za kaunti, lakini ukiuliza kuhusu njia yetu, huku utaambiwa si yetu, kule utaambiwa si yetu. Hupata mwenyewe wakati wa kampeni tu.

Mimi nilirudi shuleni siku ya Alhamisi, nikiwa nimekosa jaribio la hisabati. Mama alikuwa ameuza magunia kumi na matatu. Matano yalikuwa bado bandani, yamefunikwa kwa matawi, yakimngoja punda.