Kifaa Kilichofungwa kwa Gari la Mwengine: Muuzaji Aseme, Mnunuzi Aulize



Ndugu zetu, biashara ya vitu vilivyotumika ni msaada mkubwa kwa familia na kwa wanafunzi. Mwenye kipato kidogo hupata kitu kizuri kwa nusu ya bei, na asiyekihitaji tena hupata chochote mkononi. Lakini vipo vitu vya siku hizi ambavyo uzima wake hauonekani kwa macho. Leo tunapenda kuzungumzia kimojawapo: kifaa cha kurekebisha injini ya gari, ambacho vijana hukiita tyuna, na ambacho huuzwa sana mkono wa pili huko Marekani na Kanada.

Tyuna ni kifaa kidogo cha kushika mkononi. Huchomekwa kwenye tundu la OBD lililo chini ya dashibodi, karibu na usukani, ambalo magari yote madogo yanayouzwa Marekani yanalo tangu yale ya mwaka 1996. Kazi yake ni kuingia katika kompyuta ya injini na kubadilisha programu yake: kiasi cha mafuta, wakati wa cheche, na mengineyo. Gari hupata nguvu zaidi.

Sasa sikilizeni penye mtego. Siku ya kwanza kifaa kinapotumika, husoma namba ya chesisi ya gari, ambayo kwa magari ya huko ni herufi na tarakimu 17, kisha huihifadhi ile programu ya asili ya gari katika kumbukumbu yake. Tangu hapo kifaa kimefungwa kwa gari hilo moja. Ukikichomeka kwenye gari jengine, hata liwe la aina ile ile, mwaka ule ule na rangi ile ile, kitakataa. Mafundi wa huko husema kifaa "kimeoa" gari. Na talaka yake ni moja: kirudishwe kwenye gari lile lile, kiirejeshe programu ya asili, ndipo kiwe huru.

Basi fikirieni mwanafunzi aliyedunduliza fedha zake miezi kadhaa, akanunua tyuna iliyotumika kwa dola mia kadhaa. Kifaa kinawaka, kioo hakina mkwaruzo, waya zote zimo ndani ya boksi. Anakichomeka, kinamwambia hili silo gari langu. Na gari lenyewe liko wapi? Pengine liliuzwa katika mji mwengine, pengine lilipata ajali likapelekwa kwenye vyuma chakavu. Amenunua boksi na waya.

Maoni yetu katika jambo hili ni haya:

1. Muuzaji anayejua kuwa kifaa kimefungwa na akanyamaza, amefanya hadaa. Hakuna tofauti kati yake na yule muuza nafaka tunayemjua sote kisa chake, ambaye Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alitia mkono katika lundo lake akakuta chini kumelowa. Juu palikuwa pakavu, kama vile kioo cha tyuna kinavyong'aa. Mafuqahaa wamemwekea mnunuzi hiari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauziano, naye hakuijua, ana haki ya kukirudisha kitu na kupewa fedha zake. Na neno "nauza kama kilivyo" halimpi ruhusa anayeijua aibu kuificha.

2. Anayedhulumika mara nyingi si mmoja, ni wawili. Kifaa kikiuzwa kimefungwa, maana yake mara nyingi gari nalo limeuzwa likiwa bado na programu iliyobadilishwa. Aliyelinunua haelewi kwa nini linakunywa mafuta au kwa nini gereji inakataa dhamana, na programu ya asili ya gari lake imo ndani ya kifaa kilicho kwa mtu asiyemjua. Dakika chache tu za kurudisha programu kabla ya kuuza zingewaokoa wote wawili.

3. Makampuni nayo hayakosi lawama. Hatupingi wao kufunga kifaa, kwani bei waliyoitaja ni ya gari moja, na Muislamu hutimiza masharti aliyoyakubali. Lakini sharti hilo liandikwe wazi juu ya boksi, na iwepo njia ya kukifungua kwa malipo ya haki. Baadhi yao hufanya hivyo, wengine huuza leseni ya gari la pili, na wengine hukataa kabisa. Kitu kizima kutupwa jaani kwa sababu ya namba tu ni israfu.

4. Tusisahau jirani. Baadhi ya programu hizi huzima vifaa vya kuchuja moshi. Mwaka 2018 kampuni ya Derive Systems, yenye tyuna za SCT na Bully Dog, ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa faini ya dola 300,000 kwa ajili hiyo. Mwaka 2020 shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, lilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi. Nguvu ya gari isiwe kwa gharama ya mapafu ya watoto wa mtaani.

Kwa anayetaka kununua, nasaha zetu ni fupi. Mwombe muuzaji akiwashe kifaa mbele yako na akuonyeshe ukurasa wa maelezo yake. Vingi huonyesha kama viko huru au vimefungwa. Chukua namba ya kifaa uwaulize watengenezaji kabla hujatoa fedha. Hakikisha kinaliendea gari lako: nyingi ya tyuna hizi ni za Ford, GM na Dodge, na gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kama yalivyo mengi ya kwetu Afrika Mashariki, halina hata hiyo namba ya tarakimu 17. Kwa hiyo usimsumbue ndugu yako aliye Marekani akutumie kitu kisichokufaa.

Na aliyekwisha nasa? Arudi kwa muuzaji kwa upole na adai haki yake, kisha awaandikie watengenezaji. Asikimbilie kwa wanaouza programu za wizi za kufungulia, kwani programu mbovu huweza kuiua kompyuta ya gari lisiwake tena.

Mtihani mkubwa uko hapa. Shetani atamwambia: nawe kiuze hivyo hivyo, kwani wewe uliambiwa? Kama kila aliyepunjwa atampunja anayefuata, kifaa kimoja kitapita mikono kumi na dhulma kumi. Akiseme kilivyo, akiuze kwa bei ya boksi na waya, na dhulma iishie kwake.

Tunamuomba Allaah Atubarikie katika biashara zetu na Atutosheleze kwa halali Yake. Aamiyn.