Acheni kucheka bajaji ya angani

Jamani, juzi kijiweni nilichekwa. Nilisema rubani wa helikopta za jeshi aanze kujifunzia kwenye kachopa kadogo ka injini ya pistoni, sio kwenye dude la kisasa linalomfanyia nusu ya kazi. Jamaa mmoja akadakia: "We mwandishi, unataka wanajeshi wapande bajaji ya angani?" Kicheko! Basi najibu hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Tuangalie Marekani. Kati ya 1964 na 1969 jeshi lake lilipokea helikopta 792 za Hughes TH-55: viti viwili, injini ya nguvu za farasi 180 tu. Wanafunzi wakaibandika jina la "Mattel Messerschmitt", yaani ndege ya vita kutoka kiwanda cha midoli. Lakini vijana wengi waliokwenda kurusha Huey kule Vietnam walianzia humo, pale Fort Wolters, Texas.

Mdoli huo haukuwa na huruma. Mkono wa kushoto unainua wenzo wa kupandia, na papo hapo unazungusha mafuta kama mshikio wa pikipiki ili mapanga yasipoteze kasi. Mkono wa kulia uko kwenye usukani. Miguu inazuia helikopta isizunguke kama pia. Injini ikizima, wenzo ushushwe mara moja. Ukichelewa sekunde chache, kwisha habari.

TH-55 zilistaafishwa mwaka 1988. Miaka ya 2010 wanafunzi wakahamishiwa kwenye Lakota, yenye injini mbili na mitambo ya kuituliza. Wakosoaji wakalalamika kwamba vijana wanahitimu mikono ikiwa bado mizito. Kufikia 2025 jeshi lenyewe lilikuwa linatafuta helikopta rahisi ya injini moja.

Najua, wapinzani wana hoja nzito: mashine nyepesi haisamehe kosa, na aliyekufa mafunzoni hafufuki. Kweli kabisa. Ila mafunzoni kuna mwalimu kiti cha pili. Kosa hilohilo likisubiri siku ambayo nyuma kuna askari kumi, nani atalisahihisha?

Mimi udereva nilijifunzia kwenye pikapu kuukuu ya gia, nikaizima mara ngapi sijui katikati ya barabara. Leo nikipewa gari la oto naendesha. Aliyeanzia kwenye oto mpe ile pikapu, halafu tuone nani atacheka.

Mnasemaje?