Roma ya Maboksi na Roma ya Fellini



Kila Ijumaa Kuu, kuanzia parokia za mjini Morogoro hadi vigango vya huko juu Mgeta, Roma hutengenezwa upya kwa maboksi. Vijana wa VIWAWA hukata kofia za askari, huzipaka rangi ya dhahabu na kuchomeka kipande cha ufagio utosini. Pilato huvaa pazia jekundu lililoazimwa kwa mama mmoja wa jumuiya. Masika huwa imekolea, na mvua ikinyesha kwenye kituo cha saba, jeshi zima la Kaisari hulowa na kofia zikalegea hadi masikioni. Watu hucheka kidogo. Kisha Bwana anaanguka mara ya pili, na watu wananyamaza.

Hatuandiki kuwabeza vijana hao. Wengi wetu tumewahi kuivaa kofia ile. Tunaandika kwa sababu ya ubishi uliotokea kati yetu mafrateri baada ya wachache kutazama filamu ya Kiitalia ya mwaka 1969, Satyricon ya mwongozaji Federico Fellini. Wawili waliondoka kabla ya nusu. Mmoja wao alisema kesho yake mezani kwamba kitu cha namna ile hakina nafasi katika nyumba ya malezi.

Tuseme wazi: kuhusu uchafu hajakosea. Si filamu ya kuonyesha ukumbi wa parokia, wala ya kumpa mseminari mdogo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee. Fellini yumo humo kwa filamu zake nyingine, La Strada na 8½. Satyricon haimo, na hatudhani iliachwa kwa kusahauliwa. Hata hivyo tunashikilia kwamba frateri wa teolojia, akiwa na mlezi wa kuzungumza naye, ataielewa Roma ya Mtume Paulo vizuri zaidi kwa filamu hii kuliko kwa zile tulizozoea, zenye nguzo nyeupe, tarumbeta na askari waliopangwa mistari.

Fellini alitumia kitabu cha Petronius, ambaye wataalamu wengi wanamtambua kuwa yule mtu wa jumba la Kaisari Nero aliyekufa mwaka 66. Basi ni mji uleule na miaka ileile: huku Petronius anaandika karamu za matajiri, kule Petro na Paulo wanauawa. Kitabu kimetufikia vipande vipande, na Fellini hakuziba mapengo. Filamu yake inaruka kama ndoto. Watu wanakodolea kamera macho kama picha za ukutani, na sauti hazifuati midomo. Mwishoni msimulizi anakatika katikati ya sentensi, na wahusika wanabaki michoro kwenye kuta zilizobomoka kando ya bahari. Wenzetu waliona huo ni ujeuri wa msanii. Sisi tuliona ni ukweli wa namna fulani. Dunia ile haikuwa nyumbani kwa Fellini, wala haiwezi kuwa nyumbani kwetu, na yeye hakujifanya kuijua.

Kuna karamu ya Trimalkio, mtumwa aliyekombolewa akawa tajiri wa kutisha. Nguruwe mzima anapasuliwa mbele ya wageni, nyama zinamwagika kutoka tumboni, halafu mwenye nyumba anawataka wote wafanye mazoezi ya mazishi yake yeye mwenyewe, angali hai na ameshiba. Baada ya kuiona, sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi haisomeki tena kama orodha ya dhambi iliyoandikwa na mzee mwenye hasira. Paulo alikuwa anaeleza mitaa ambayo wasomaji wake waliipita kila siku.

Kipande kilichotugusa zaidi hakina karamu. Mume na mke wa ukoo mkubwa wanawaacha huru watumwa wao, kisha wanajiua. Watumwa wanaondoka. Nyumbani anabaki mjakazi mmoja, msichana mweusi, anayezungumza lugha ambayo hakuna anayeielewa. Fellini hakumpa maneno yenye maana, na hapo ndipo tunapomlaumu. Ndoto yake iliwapa Warumi njaa, hofu na aibu. Msichana yule iliishia kumpa sauti kama ya ndege. Sisi tunaoishi kwenye njia ya zamani ya misafara iliyoshuka hadi Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, hatuwezi kumtazama kama pambo. Watoto wale nao walifika na lugha zao. Na Felisita tunayemtaja katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, shahidi wa Karthago mwaka 203, alikuwa mjakazi pia.

Tabia hii ya kutuweka ndani ya ndoto ya mtu mwingine si ya Fellini peke yake. Miaka ileile Pier Paolo Pasolini alikuja Uganda na Tanzania, akapita Kigoma na Dar es Salaam, akitafuta nyuso za kuigizia tamthilia ya kale ya Kigiriki. Ni huyu ambaye katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, mwaka 1964, alitumia Missa Luba kutoka Kongo, jambo ambalo bado tunamshukuru. Kazi ya Afrika ilitoka mwaka 1970 ikiwa maandalizi tu ya filamu ambayo hakuitengeneza. Kwa haki yake, aliacha ndani yake mjadala ambamo aliwaonyesha picha hizo wanafunzi Waafrika waliokuwa Roma, nao wakampinga: Afrika si nchi moja, na watu wake wa leo si Wagiriki wa jana.

Ndiyo maana hatutaki ubishi wetu uishie kwenye kuruhusu au kukataza filamu. Sisi nasi huiwazia Roma kila mwaka, kwa pazia na maboksi, na tunayo makosa yetu. Askari wetu hupewa sauti ya mgambo anayefukuza machinga, na hilo tunalipenda, kwa kuwa watu huelewa mara moja jeshi la mvamizi lilivyokuwa. Lakini anayemshikia Pilato beseni la kunawia huwa ni binti aliyekosa nafasi nyingine. Hasemi neno. Amesimama karibu na hukumu kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyewahi kumwuliza ameona nini.

Kwa ajili ya Ijumaa Kuu ijayo tumewaomba vijana wa kigango kimoja cha mlimani waanze igizo na yeye. Wamekubali. Sasa wanabishana aseme lugha gani: mabibi wanataka Kiluguru, na mafrateri wawili walioondoka kwenye filamu, ambao ndio wanaosaidia kuandika, wanasema kwa Pilato atajibu Kilatini na kwa Yesu atanong'ona Kiluguru.