Mali Bila Daftari: Kipi Kibaki Nyumbani na Kipi Kitupwe?

Kuipunguza nyumba ya wazazi vitu vyake ni kazi ambayo aila nyingi nchini Kenya huifanya mara moja tu, na aghalabu huifanya katika wakati usiofaa kabisa. Matanga yameanuliwa, ruhusa za kazini zinakaribia kwisha, na watoto wa marehemu waliotoka Nairobi, Mombasa au Eldoret wana siku mbili tu za kuamua hatima ya vitu vilivyokusanywa kwa miaka hamsini. Viti na makabati hugawanywa. Sufuria huenda kwa jirani. Vyuma vikuukuu hupimwa kwa mizani ya mnunuzi. Kisha moto huwashwa nyuma ya nyumba, na kinachotangulia motoni ni karatasi: barua, madaftari, magazeti, risiti, na picha za watu wasiotambuliwa tena na yeyote aliyepo. Hakuna anayehisi kuwa ametenda kosa. Nyumba imesafishwa, na kila mtu anarudi alikotoka.

Hoja ya makala haya ni kwamba moto huo huteketeza sehemu ya fasihi ya Kiswahili kabla haijasomwa, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuhakikisha kuwa karatasi zimesomwa kabla ya kiberiti kuwashwa.

Yafaa ikubaliwe mapema kwamba kupunguza vitu si dhambi, wala si dharau kwa wazee. Mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili hawezi kuhamishia humo makasha, mitungi na makochi ya nyumba nzima. Aidha, kulundika si kuhifadhi. Gunia la barua lililosukumwa darini likaachiwa mchwa, panya na mvua limetupwa tayari, ila tu kwamba limetupwa polepole. Kwa hivyo swali si kama vitu vipunguzwe au visipunguzwe. Swali ni kipimo gani kitumike.

Vipimo vinavyotumiwa na wengi ni vitatu. Cha kwanza ni bei: kinachouzika kibaki au kiuzwe, kisichouzika kitupwe. Cha pili ni matumizi: kile ambacho hakijaguswa kwa mwaka mzima hakina kazi. Cha tatu ni mapenzi ya moyo. Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu kupanga nyumba kilipata wasomaji duniani kote, alipendekeza mtu ashike kila kitu mkononi na kubaki na kile tu kinachomtia furaha. Vipimo hivi vinafaa kwa nguo, vyombo na mapambo. Kwa maandishi na sauti, vyote vitatu hupotosha. Daftari lililoandikwa nyimbo za harusi kwa kalamu ya risasi halina bei sokoni, halijafunguliwa kwa miaka ishirini, na huenda lisimfurahishe mrithi asiyejua nyimbo hizo ziliimbwa wapi. Kwa vipimo vyote vitatu, daftari hilo ni takataka.

Kipimo kinachofaa zaidi ni swali moja jepesi: kitu hiki kikipotea, kitapatikana pengine? Televisheni ya zamani ikitupwa, zimebaki nyingine. Kitabu cha kiada kilichochapishwa kwa maelfu kikitupwa, kuna uwezekano mkubwa wa kupata nakala maktabani. Lakini barua alizoandika babu akiwa kibarua wa reli, daftari la mahesabu ya duka, shairi la kumuaga mwalimu, na kanda yenye sauti ya bibi akisimulia ngano, havina ndugu popote duniani. Hivyo ndivyo vya kwanza kuokolewa, ingawa mara nyingi ndivyo vyepesi, vichafu na vya bei ndogo kuliko vyote.

Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe inathibitisha jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Diwani yake iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kati ya kaburi na kitabu kuna miaka mia moja. Aliyezijaza pengo hizo si mchapishaji, bali ni watu wa Mombasa walioyaweka mashairi hayo vifuani na makaratasini mwao, akiwemo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyakusanya na kumwandikia mmishonari W. E. Taylor. Vivyo hivyo, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, na toleo la Alice Werner na Hichens likatoka mwaka 1934. Katika miaka hiyo yote kazi hiyo iliishi majumbani, ikinakiliwa na kusomwa na watu ambao majina yao mengi hayamo katika vitabu vya fasihi. Lau kila aliyerithi nyumba Mvita au Lamu angeisafisha kwa kipimo cha bei au cha matumizi, silabasi ya ushairi katika vyuo vikuu vya leo ingekuwa nyembamba mno.

Inaweza kudhaniwa kuwa kazi ya kulinda urithi ni ya serikali na kwamba sheria inatosha. Dhana hiyo haina msingi imara. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 iliweka ulinzi kwa vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, lakini tafsiri yake ya kitu cha kale ilitenga vitabu na hati. Sheria hiyo hiyo iliitambua milango na fremu zilizonakishiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vya kulindwa. Ni jambo jema kwamba mlango wa nakshi wa Lamu hauwezi kung'olewa na kuuzwa ovyo. Hata hivyo, barua iliyo katika bweta nyuma ya mlango huo haina mlinzi isipokuwa mwenye nyumba. Akiichoma, hakuna askari atakayebisha hodi.

Fauka ya maandishi, kuna vitu ambavyo thamani yake kwa mwanafunzi wa lugha imo katika majina yake. Kifumbu cha kuchujia tui, kawa la kufunikia chakula, mbuzi ya kukunia nazi, kata ya kifuu, pakacha na teo ni msamiati kabla ya kuwa vyombo. Chombo kikitoka jikoni, neno hubaki yatima. Huishi kwa muda katika kamusi, kisha hata mwalimu hushindwa kulieleza. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) aliliona hilo mapema. Katika Sambo ya Kiwandeo (1979) alieleza kwa mashairi uundaji wa chombo cha baharini pamoja na majina ya sehemu zake, na katika Umbuji wa Mnazi (1985) akafanya hivyo kwa mnazi na mazao yake. Nabhany hakuweza kuhifadhi kila jahazi wala kila mnazi. Alihifadhi majina na kazi zake. Hilo ni funzo kubwa kwa aila isiyo na nafasi. Si lazima vifumbu vitano vibaki. Kimoja kinatosha, au hata picha yake, maadamu imeandikwa jina, kilivyosukwa, na aliyekitumia.

Bara nako hakujakosa mifano. Katika baadhi ya nyumba bado kuna kipande, hati ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Wakenya wengi wangali wanakiita kitambulisho cha leo kipande bila kujua uchungu uliomo katika neno hilo. Mjukuu anayekipata kijaluba hicho ndani ya sanduku la babu ameshika mkononi historia ya nchi na etimolojia ya neno kwa pamoja. Akimpa mnunuzi wa vyuma, amevipoteza vyote viwili kwa shilingi chache.

Zipo pingamizi za haki. Ya kwanza ni siri za nyumba. Si kila barua iliandikwa ili isomwe na wajukuu, seuze na watafiti. Nyingine zina aibu, madeni au maradhi ya watu. Pingamizi hii ina uzito, na jibu lake ni kwamba kuhifadhi si kutangaza. Aila inaweza kufunga bahasha na kuandika juu yake mwaka ambao itaruhusiwa kufunguliwa. Vile vile aila ina haki ya kuchoma, almuradi imesoma na kuamua. Kinachopingwa hapa ni kuchoma bila kusoma.

Pingamizi ya pili ni kwamba watafiti wamezoea kuchukua na kutorudisha. Wazee wengi wa pwani wanafahamu kuwa hati za mababu zao zinasomewa London na Hamburg kuliko Lamu na Mombasa. Shaka yao si ya bure. Ila zama za sasa zimetoa njia nyingine. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu, zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Huo ndio utaratibu unaofaa kuwa sharti la kila idara ya Kiswahili: picha ije chuoni, asili ibaki kwa wenyewe.

Swali zito zaidi huenda likawa si kipi kibaki, bali nani aamue. Katika nyumba nyingi uamuzi huachiwa mwana mkubwa wa kiume, au yule mwenye kazi nzuri mjini, kwa kuwa ndiye aliyegharimia mazishi. Huyo mara nyingi ndiye anayevijua vitu hivyo kwa uchache kuliko wote. Anayejua ni shangazi aliyebaki, ni mke wa mwana aliyemuuguza marehemu, ni jirani aliyeimba naye katika kikundi cha akina mama. Hawa hupika chakula cha wageni huku wengine wakigawana na kuchoma. Kuwaita, kuwaketisha na kuwauliza kila kitu kinaitwaje na kilitoka wapi kungechukua asubuhi moja, na kungebadili mengi.

Bora zaidi ni kutoyangoja matanga. Margareta Magnusson wa Uswidi, katika kitabu chake cha 2017, alieleza desturi ya kwao ya mzee kuipunguza mali yake mwenyewe akiwa hai ili asiwaachie wanawe mzigo. Kenya nayo ina mfano wake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya maelfu ya vitabu na hati, pamoja na kazi za sanaa. Katika miaka ya 1970, angali hai, alikubaliana na serikali kuhusu mkusanyiko wake. Alifariki mwaka 1990, na hazina hiyo inaonekana hadi leo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Aliyekusanya ndiye aliyeamua, na ndiye aliyeweza kueleza.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kazi hii haihitaji ufadhili. Likizo ijayo atakapokwenda nyumbani, na achukue daftari moja. Aketi na mzee, waifungue sanduku pamoja, na kwa kila kitu aandike jina lake kwa lahaja ya mzee huyo, mwenyewe, mahali kilipotoka na kazi yake. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini majina ya waliomo, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya. Karatasi zisitiwe gundi ya utepe wala zisifunikwe kwa plastiki ya moto. Zikae mahali pakavu, penye giza na penye hewa. Kanda za kaseti zinakiliwe mapema, kwa maana sumaku yake hufifia na mashine za kuzichezesha zinazidi kuadimika.

Idara nazo zina la kufanya. Kila mwaka wanafunzi hurudia kuchambua riwaya zile zile na diwani zile zile, na wahadhiri hulalamika kuwa tasnifu zinafanana. Lau kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetakiwa kuleta daftari moja la nyumba moja, kwa idhini ya wenyewe, idara ingepata kwa miaka michache hazina ya msamiati, barua, nyimbo na masimulizi isiyopatikana katika maktaba yoyote. Hapo ndipo utafiti mpya ungeanzia.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa kwa wafanyabiashara, lakini inaihusu pia nyumba ya mzee aliyefariki. Viti vitazeeka na sufuria zitatoboka, na hakuna atakayelia. Daftari ndilo litakalowaambia wajukuu walikuwa watoto wa nani, na walizungumza vipi. Basi na liandikwe, mzee angali anaweza kusahihisha.